Mgongo wa Zulia la Kashani

Nakumbuka Jumamosi moja, hapa hapa Jeddah, nilipolibeba zulia la mama yangu begani nikashuka nalo ngazi mbio mbio kabla hajarudi kutoka sokoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Moyo ulinidunda kweli kweli, mwanangu, na mtu mwenye akili moyo ukimdunda hivyo husimama akajiuliza kulikoni. Mie sikusimama.

Nakueleza haya kwa sababu juzi uliniletea simu yako, ukakaa hapa ukingoni mwa kitanda, ukaniambia, "Babu, nichagulie." Mazulia chungu nzima, moja baada ya jingine, yote yanameremeta. Mwezi ujao unaolewa, unahamia Riyadh, na sebule mpya inataka zulia la Kiajemi. Haya. Kisha ukainama ukachungulia uvunguni, ukauliza, "Na hili kuukuu tutalifanya nini?" Nikakurudishia simu nikasema macho yananiuma. Nilikudanganya, Mungu anisamehe. Ilinishika hofu ile ile ya ujana, na tangu juzi nazungukazunguka humu chumbani natafuta pa kuanzia.

Basi naanzia kwa dada yangu Rukia. Alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki ile, na posa ilitoka kwa jamaa wa Riyadh, Wazanzibari kama sisi lakini waliojaaliwa. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa Rukia ni mimi. Mimi ndiye wa kukaa chini, nimshike bwana harusi mkono, nitamke maneno ya kumwoza dada yangu mbele ya wazee wote wale. Wiki nzima chakula hakinipiti. Nilikuwa naogopa ulimi utateleza, naogopa kanzu itaingia doa, naogopa wakwe watatuona mafukara.

Lililoniogopesha zaidi ni zulia. Kwetu nikahi hufungwa juu ya zulia moja tu, hilo la Kashani, mji wa Uajemi, ambalo marehemu bibi yangu mzaa mama aliozwa juu yake huko Unguja. Mwaka wa mapinduzi, mama alipokimbia na mie mchanga kifuani, aliacha makabati, akaacha masinia ya shaba, akachukua zulia. Watu walimcheka, ati mwenzetu anakimbiza kitambaa cha kukanyagia. Miaka ikapita, na mie nilipopata akili zulia lilikuwa limechoka. Nyekundu yake imefifia, matamvua ya upande mmoja yameliwa, na mahali patatu pameshonwashonwa. Nilikuwa nikiwaza wakwe wa Riyadh wanakaa juu ya viraka vile, jasho linanitoka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitilia maanani. Kila palipokuwa na harusi katika ukoo wetu, mkesha wake wanawake waligeuza zulia uso chini wakafunga mlango. "Wanaume tokeni!" Tukatoka. Nikidhani wanalikung'uta vumbi. Sikuuliza, maana mwanamume akiulizauliza mambo ya wanawake huonekana hana kazi.

Sasa wiki ile akaja Jeddah muuzaji mmoja wa Riyadh, wakimwita Abu Nasir. Alipita majumbani akitafuta mazulia makuukuu, anachukua la zamani anakuachia jipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda, mwanangu. Alinitandazia zulia jekundu linalong'aa, halina kiraka, halina upara, nikaona shida zangu zimekwisha. La kwetu nililomshushia chini hakulitazama uso hata kidogo. Aliligeuza, akainama, akapitisha ukucha wa dole gumba taratibu, mstari kwa mstari. Mie nikaona haya, nikadhani anaangalia viraka. Akainuka akasema upesi upesi, "Yalla, chukua jipya, mimi nibebe hili bovu." Nikamshukuru. Toba! Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Adhuhuri mama na Rukia wakarudi. Rukia ameshika kijifurushi cha uzi wa sufu, rangi ya zafarani. Baadaye ndipo nikajua kwamba asubuhi nzima walikuwa wanahangaika duka kwa duka kuutafuta uzi huo. Mama alisimama kizingitini, hakuvua viatu.

"Liko wapi?"

"Mama, nimekubadilishia. Tazama hili lilivyo..."

"Liko wapi, Hamadi?"

Nilipomwambia alikaa chini, lakini hakukaa juu ya lile jipya, alikaa pembeni kwenye saruji. Hapo ndipo nikaambiwa kilichokuwa kikitendeka nyuma ya mlango miaka yote. Kila binti wa ukoo wetu, mkesha wa harusi yake, hugeuza lile zulia, akatafuta mahali palipochakaa, akapashona kwa mkono wake na uzi wa rangi yake. Uzi wa kijani chini ya ua la katikati ni wa bibi. Wa manjano ukingoni ni wa mama mkubwa. Wa nili, karibu na matamvua, ni wa mama. Alhamisi ilikuwa zamu ya Rukia.

"Mama yangu amezikwa Unguja," akasema. "Kaburi lake sina njia ya kulizuru. Nilikuwa na ule uzi."

Basi. Angenipiga ningepumua. Rukia naye alikuwa anakizungusha kile kijifurushi cha uzi mkononi, hanitazami. Zilibaki siku sita, na kwa mara ya kwanza nikaogopa jambo la kuogopwa.

Jumapili nikalikunja lile jipya nikalipeleka mtaa wa Karantina kwa Mzee Feruzi. Huyu alikuwa mzee wa kwetu, fundi wa kushona mazulia, kazi aliyofunzwa ujanani na fundi wa Kiajemi. Nilimwendea na tamaa ya kipumbavu. Nilitaka aniambie kuwa walau hili jipya ni zuri, nipate neno la kumpelekea mama. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaanza kulitandaza, uso juu.

"Geuza," akasema. "Uso wa zulia ni wa wageni. Mwenyewe hutazama mgongo."

Nikageuza. Akaniuliza kama naona ua. Sikuona. Mgongo ulikuwa mweupe, umepakwa gundi, umekakamaa. Akaniambia zulia lililofumwa kwa mkono halikufichi ukiligeuza, lile ua la mbele utalikuta na nyuma, fundo kwa fundo, maana kila fundo limefungwa kwenye mtande, zile nyuzi za urefu zinazotangulia kutandikwa, kwa vidole vya mtu. Akavuta matamvua, yakabanduka, yalikuwa yameshonewa kwa cherehani. "Matamvua ndiyo nyuzi za mtande wenyewe zinazotokeza mwishoni. Ni mwili wa zulia. Haya umebandikiwa, bwana, mithili ya ndevu za kuazima." Akalikunja pembe kwa nguvu, likalia kwa kukatika. Akanusa, akakunja uso. Halafu akatoa leso nyeupe, akailowesha, akaisugua juu ya lile jekundu lililonipumbaza. Leso ikawa nyekundu.

"Ijumaa wakwe zako watanyunyiziwa marashi," akasema. "Wataondoka kwako na kanzu nyeupe na makalio mekundu."

Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Yeye hakucheka. Akanitazama juu ya miwani. "Usiache mbachao kwa msala upitao. Chuoni hawakukufunza hilo? Au ulikuwa unasinzia?" Nikasema walinifunza. "Basi ulikuwa unasinzia," akasema.

Kisha akanieleza mambo ambayo nimeyabeba mpaka leo. Huko Uajemi, alisema, binti hufunzwa fundo na mama yake kabla hajajua kusuka nywele zake. Nyekundu huchemshwa kutoka kwenye mizizi, manjano hutoka kwenye maganda ya komamanga, buluu ni nili. Sufu ya chungu kimoja ikiisha, chungu cha pili hakitoi rangi ile ile sawasawa, kwa hiyo ukiona nyekundu imebadilika kidogo katikati ya zulia usilikatae, hapo mfumaji alikuwa anaanza chungu kingine. Na mahujaji wa Kiajemi, enzi na enzi, wakija Hija walibeba mazulia mgongoni wakayauza hapa Jeddah ili wapate masurufu ya njiani. "Mji huu umejaa kazi za mikono ya wanawake ambao hatuwajui majina," alisema. "Ninyi mlikuwa na moja ambayo majina yake mnayajua, na wewe ukaitoa."

Nikamuuliza sasa nifanyeje. Alimjua Abu Nasir. Alisema anakaa Nasim, upande wa mashariki wa Riyadh, ana ua mkubwa nyuma ya nyumba ambako mazulia huoshwa, na fundi wake hufumua kila uzi usio wa asili ili pafumwe upya, zulia lipate kupendeza machoni pa wanunuzi. "Hana kosa, ndiyo kazi yake. Lakini ukikawia utakuta zulia zima na nyuzi hakuna. Na macho yakikukatalia, tumia vidole."

Jumatatu alfajiri nikapanda basi. Siku zile mgeni wa ikama, kile kibali cha kuishi, akitoka mji mmoja kwenda mwingine alitakiwa awe na barua ya kafili, tajiri aliyemdhamini, na kafili wangu hakuwa mjini. Nikaenda bila barua. Njia nzima nimeshika ikama mkononi mpaka ikalowa jasho, nikiwaza, nikikamatwa hapa Rukia ataozwa na nani? Kwenye kizuizi cha njiani askari akaingia, akakagua mbele, akakagua kati, akanifikia. Akaligonga lile zulia nililolikumbatia, akauliza ni nini. Nikasema, zulia la harusi ya dada yangu. Sauti ilikuwa inatetemeka, na nadhani alinihurumia, maana akanipa hongera, mabruki, akapita.

Jumanne asubuhi niko Nasim, nabisha lango. Alinifungulia dada mmoja Mkenya aliyekuwa akifanya kazi mle ndani, Mwende jina lake. Abu Nasir akatoka, akanisikiliza nimesimama juani. "Tulipatana," akasema. "Halas, imekwisha." Nikamwambia kila kitu, mama, bibi, uzi, Alhamisi. Niliona haya nikiyasema, lakini nikayasema. Akavuta tasbihi, punje moja moja.

"Uani kuna matatu mekundu yanakauka," akasema mwisho. "Yote ya Kashani. Mtu hulijua zulia lake. Acha hilo ulilokuja nalo, uchague moja. Ukikosea, ondoka na ulilolichagua na usirudi."

Mwanangu, nilikwenda uani nikasimama mbele ya mazulia matatu, na sikulijua langu. Miaka ishirini na mbili nimesali juu yake, nimekula juu yake, nimelala juu yake na homa, na yalipokuwa yameoshwa, matamvua yamesawazishwa, yakatandazwa pamoja sikulijua! Hofu ya siku ile sikuombei. Nikageuza la kwanza, mgongo ukaonyesha ua, lakini mafundo yake manene, nikaliacha. Nikageuza la pili. Zuri mno, mafundo laini, rangi hai, na nyuma hamna uzi wa kigeni hata mmoja. Nikageuza la tatu. Chini ya ua la katikati hamna kijani. Ukingoni hamna manjano. Palikuwa na sehemu mbili zimefumuliwa karibuni, mtande uko wazi. Nikarudi kwa la pili, nikarudi kwa la tatu. Je, kama la tatu nalo si letu, ni kuukuu la mtu mwingine, na letu limeshauzwa? Na lile la pili lilikuwa linaniita kabisa, ati nichukue mimi, utamridhisha mama.

Nikapiga magoti. Nikafumba macho nikapitisha vidole mgongoni mwa lile la tatu, polepole, kufuata matamvua. Kidole kikagonga fundo, nene kama punje ya mchele. Nikafumbua macho. Nili. Mama yangu hakujaaliwa mkono wa kushona, vifungo vyake vya kanzu zangu vyote vilikuwa na mafundo ya namna hiyo, na fundi alikuwa bado hajaufikia uzi wake. Nikalilalia lile zulia nikalia bila haya.

"Hili," nikasema.

"La pili ndilo bora," akasema Abu Nasir. "Lakini hilo ndilo lako. Beba."

Nilipokuwa langoni Mwende akanifuata mbio, anatazama nyuma asije akaitwa. "Kaka, ngoja kidogo." Akafungua fundo la pindo la leso yake. Mle ndani mlikuwa na vipande vya uzi, vya kijani na vya manjano. "Nilizipata nikifagia hapo kwa fundi. Aki nilikuwa nizitupe. Lakini nikaona hii ni kazi ya mkono wa mtu, nikashindwa." Nikataka kumpa chochote, akakataa, akasema, "Enda, kaka, madam ataniita." Sikumwona tena, lakini duani humtaja.

Nilifika nyumbani Jumatano. Mama aliligeuza zulia bila kuniuliza njia ilikuwaje. Akaiona nili yake akaigusa. Akaona pale pa bibi pako wazi. Nikamwekea vile vipande kiganjani. Akachagua kirefu kuliko vyote, akajaribu kukitia kwenye sindano, kikakatika. Akajaribu kingine, kikakatika. Zilikuwa nyuzi za miaka mingi, zimeshachoka, zilichokuwa zikikishikilia ndicho kilichozishikilia. Mama akazifunga katika pindo la kanga, akaniambia nikaoge.

Alhamisi wakafunga mlango. Nilikaa nje ngazini nikisikiliza. Nilidhani Rukia atapaziba pale pa bibi kwa zafarani yake, na nilikuwa naomba apazibe, nisipaone tena. Nikamsikia mama: "Hapo paache." Rukia akashona kwingine, na miaka baadaye mkono wa mama yako ukapashona pale pa mama mkubwa. Pa bibi hapakuguswa.

Ijumaa nikakaa juu yake kama walii, goti langu limeangukia ule upara wa pale pa bibi. Ulimi haukuteleza. Marashi yalinyunyizwa, hakuna kanzu iliyoingia doa. Baada ya fatiha mkwe mkubwa akalipapasa zulia, akatabasamu. "Hili la zamani hili," akasema. "Mmelitunza." Na mie niliyeoza dada bila kutetereka nikainamisha kichwa mbele ya mzee yule.

Mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukiingia dukani Riyadh, usikubali kunyweshwa kahawa kabla hujaligeuza zulia. Lione ua nyuma. Vuta matamvua, yasiwe ya kubandikwa. Nenda na leso nyeupe na maji, sugua, na muuzaji akikasirika umeshapata jibu. Rangi ikibadilika kidogo katikati usiogope, kasoro ndogo ni mkono wa mtu. Na mambo mengine yote ya nyumba utakayoingia, wakwe, mume, shoga mpya, uwatazame hivyo hivyo, uwape muda wa kukuonyesha mgongo. Haraka yangu ilinichukua nusu saa, na majuto yake ninayo mpaka leo.

Na hili kuukuu uliloliuliza, usilitoe. Mkesha wa harusi yako mama yako atalitoa uvunguni, na mie nitatolewa nje kama ilivyo desturi. Utaona zafarani ya Rukia, utaona waridi ya mama yako, utaona fundo baya la mama yangu. Katikati utaona upara. Kila mmoja ana alama yake kwenye zulia hili, na hiyo ni yangu. Usiuzibe. Tafuta pako pengine.

Mungu akupe nyumba yenye kicheko, mume mwenye haya, na watoto watakaouliza kabla ya kubeba. Akufikishe Riyadh salama na akurudishe kwetu kila ukitukumbuka. Amina. Haya, lete hiyo simu tutazame tena, na umwambie huyo muuzaji wako apige picha za mgongo.